Doto ana madoa ya rangi ya chai ya maziwa, Kulwa hana hata moja. Wakuu, hii ni nini?

#1 MamaPacha_Nyegezi
Habari za jioni wakuu. Nina pacha, Kulwa wa kiume na Doto wa kike, wanakaribia miaka mitatu. Doto ni maji ya kunde, na mwilini ana madoa yaliyokoza kidogo kuliko ngozi yake, rangi ya chai ya maziwa. Hayawashi, hayana magamba, hayajainuka. Ukifumba macho ukapitisha mkono hujui kama yapo. Moja la pajani alizaliwa nalo, mengine yalijitokeza kabla hajaanza kutembea: mgongoni, tumboni, chini ya goti.

Mimi nahesabu sita. Baba yao anahesabu matano, la kifundoni anasema ni kovu la mbu. Mama mkwe yeye hahesabu, ana maelezo yake. Kulwa ngozi safi kabisa.

Kuna jirani kaniambia "madoa mengi hivyo yana maana". Nikamuuliza maana gani, akabadilisha mazungumzo. Sasa silali. Wenye uelewa naomba mnisaidie.

#2 Sangara_Mbishi
Ninalo moja ubavuni tangu nizaliwe, ndevu zimeshaingia mvi na bado natandaza dagaa. Lala dada.

#3 BintiWaNansio
Mama mkwe kasema nini? Usitufiche, huko ndiko kwenye utamu.

Kwetu Ukerewe, kwenye ukoo wetu angalau, mtoto akizaliwa na alama mahali alipokuwa nayo marehemu, wanasema mzee amerudi. Mdogo wangu alizaliwa na baka begani kama la babu, akapewa jina la babu, na mpaka leo akikosea wazee wanasita kumchapa.

#4 Mzee_wa_Mwaloni
Mwanangu, ulipokuwa mjamzito jua au mwezi ulipatwa ukiwa nje? Mama akijigusa mwili wakati ule, pale alipojigusa mtoto anatoka na alama. Wazee wetu hawakuwa wajinga.

#5 Kijana_wa_Igoma
#4 shikamoo mzee. Kupatwa kwa jua kulikojaza watu Rujewa kule Mbeya ilikuwa tarehe 1 Septemba 2016. Hawa watoto hata miaka mitatu hawajafika. Halafu walikuwa tumbo moja, mama ajiguse mara sita na zote zimwangukie Doto tu? Kulwa alikuwa amejificha wapi?

#6 Mzee_wa_Mwaloni
Marahaba. Mwezi nao hupatwa, tena ukiwa mahali pamoja utauona mara nyingi kuliko jua. Na Kulwa alikuwa nyuma.

#7 Kijana_wa_Igoma
Nimekubali kushindwa 😂

#8 Tabibu_Ilemela
Mimi ni mtabibu, siyo bingwa wa ngozi, ila haya nayaona kliniki ya watoto mara kwa mara.

Doa la namna hiyo ni sehemu ya ngozi ambayo chembe zake zinatengeneza rangi nyingi kuliko jirani zake. Basi. Lenyewe haliumi, haligeuki kansa, halihitaji dawa. Mtoto akikua nalo linakua. Kuwa na moja au mawili ni jambo la kawaida mno, na sisi watu weusi tunayo zaidi kuliko Wazungu. Kwa hiyo #2 yuko sahihi kuhusu lake.

Idadi ndiyo inayobadilisha habari. Mtoto ambaye hajabalehe akiwa na madoa sita au zaidi, kila moja likizidi nusu sentimita kwa upana, tunataka kumwangalia kwa karibu, kwa sababu hiyo ni mojawapo ya dalili za ugonjwa wa kurithi unaoitwa nyurofibromatosisi aina ya 1, kwa kifupi NF1. Kwa aliyebalehe kipimo kinapanda, tunahesabu yanayozidi sentimita moja na nusu.

Dada, chukua rula. Pima kila doa pale penye upana mkubwa, andika kwenye daftari, piga picha mchana kwenye mwanga wa dirishani. Yaliyo chini ya nusu sentimita hayaingii kwenye hesabu. Hilo la kifundoni linaweza kuwa doa, linaweza kuwa alama ya kung'atwa, sitalihukumu kwa maneno.

Pia angalia kwapani na kwenye mikunjo ya mapajani kama kuna vidoa vidogo vidogo vingi vya rangi hiyohiyo, mahali ambapo jua halifiki. Vikiwepo pamoja na madoa sita, uzito unaongezeka. Kwa umri wake vinaweza kuwa bado, vingi hujitokeza baada ya miaka mitatu.

#9 Bingwa_wa_Google
Ongezea hapo: zamani uliitwa ugonjwa wa von Recklinghausen, Mjerumani aliyeueleza mwaka 1882. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 17, iligunduliwa 1990. Unampata mtu mmoja katika kila 3000 hivi. Ndio aliokuwa nao yule Mwingereza Joseph Merrick, aliyekuwa anaonyeshwa kwa watu kwa kiingilio kwa sababu ya maumbile yake.

#10 Tabibu_Ilemela
#9 ya mwanzo sawa, ya Merrick hapana. Kwa miaka mingi watu waliamini hivyo, hata kwenye vitabu vya tiba. Wataalamu walioyapitia upya maelezo yake wanaona inaelekea zaidi kuwa sindromu ya Proteus, kitu kingine. Na naomba tusimtajie mama wa mtoto wa miaka miwili mtu wa namna ile. Wagonjwa wengi wa NF1 unapishana nao stendi ya Nyegezi na hujui.

#11 Bingwa_wa_Google
Nimeandika "aliokuwa nao" kwa mujibu wa nilichosoma. Wakosoaji hawakosekani.

#12 Mama_Neema_Buhongwa
Mimi nauliza kistaarabu: ukoma je? Si nao unaanza na baka?

#13 Tabibu_Ilemela
Swali zuri. Baka la ukoma kwa kawaida limepauka kuliko ngozi au lina wekundu fulani, na mara nyingi halina hisia, ukiligusa kwa pamba mtu hajui. Halianzi siku ya kuzaliwa. La Doto limekoza na nina hakika akitekenywa anacheka. Fangasi nao wana magamba au wanawasha. Ila #1 akiona doa limekufa ganzi asisubiri.

#14 Shemeji_wa_Sengerema
Ngojeni, kama ni ya kurithi mbona Kulwa hana? Pacha si damu moja?

#15 Kijana_wa_Igoma
Mmoja wa kiume, mmoja wa kike. Hao ni mayai mawili tofauti, wanafanana kama ndugu wengine wa tumbo moja, tofauti yao walipanga chumba kimoja.

#16 Shemeji_wa_Sengerema
Nimesoma kwamba mzazi mwenye NF1 watoto wake nusu wanapata. Wako wawili, mmoja anayo mmoja hana. Hesabu imekamilika, sasa tutafute mzazi ni yupi. Baba avue shati!

#17 Tabibu_Ilemela
😂 Hapana shemeji. Nusu ni bahati ya kila mtoto peke yake. Wanaweza kupata wote, wanaweza kukosa wote. Hawakugawana.

Na kuna nusu nyingine inayochanganya watu: karibu nusu ya wenye NF1 ni wa kwanza katika ukoo wao. Badiliko la jeni limetokea kwao wenyewe, baba hana, mama hana, babu hana. Kwa hiyo kumvua baba shati kunasaidia, lakini akiwa msafi hakumalizi mjadala.

#18 BintiWaNansio
Kwa hiyo bado inawezekana ni babu amerudi. Sijaona mtu aliyenipinga.

#19 Fundi_Pasiansi
Nimekuwa nasoma kimyakimya, ngoja nitoe la nyumbani.

Kaka yangu anayo hiyo NF1. Alipokuwa mtoto alikuwa na mabaka mengi mgongoni, tumbo lote, na kwapani vitone. Hakuna aliyejali, marehemu mama alikuwa anasema ni uzuri wake. Shuleni alikuwa mzito kusoma, siyo mjinga, mkono wake ni wa dhahabu kwa useremala, lakini herufi zilimsumbua na kukaa kimya darasani hakuwezi. Walimu wakamchapa sana kwa hilo. Leo nikisoma kwamba watoto wengi wenye hali hii wanapata shida ya kujifunza na kutulia, naumia.

Alipobalehe ndipo vikaanza vinundu. Vidogo, laini, vya rangi ya ngozi, ukibonyeza vinazama. Kwanza kifuani, baadaye mikononi. Watu wakaanza kukwepa kumpa mkono. Kuna mganga alimwambia ametupiwa jini la ziwani, kuna mwingine akataka mbuzi wawili. Zahanati fulani walimpa dawa ya minyoo. Mpaka kidonda cha kawaida kilipompeleka kwa daktari wa ngozi, akamtazama kwapa, akamwangalia macho, akamwambia jina la ugonjwa pale pale.

Anafanya kazi, ameoa, ana watoto watatu. Mmoja anayo madoa. Yule wa madoa safari hii hachapwi, mwalimu wake ameelezwa.

Dada #1 sisemi Doto anayo. Nasema tu ningependa mama yetu angekuwa na mtu wa kumuuliza.

#20 MamaPacha_Nyegezi
#19 pole sana kaka, na ahsante. Nimeisoma mara mbili. Hivyo vinundu vinaambukiza?

#21 Fundi_Pasiansi
Hata kidogo. Mkewe analala naye miaka yote hiyo.

#22 Sangara_Mbishi
#19 mwambie kaka yako akipita Mwaloni nitampa mikono yangu yote miwili, tena inanuka dagaa.

#23 Nyota_ya_Capri
Naomba kutoka nje kidogo. Watu wanachanganya hayo ya kahawia na yale ya bluu.

Mwanangu alizaliwa na mabaka ya bluu-kijivu makalioni na mwisho wa mgongo. Hakuna aliyenieleza. Nikarudi kazini akiwa na miezi minne, siku moja wifi yangu akaja kumwogesha, akatoka bafuni anapiga kelele: dada wa kazi anampiga mtoto! Nilimfukuza yule binti jioni ileile, na mama yangu alipofika wikiendi akacheka akasema wote mlizaliwa nayo, nenda katazame picha. Yule binti hakukubali kurudi, na sikumlaumu.

#24 Mama_Neema_Buhongwa
Jamani! Hayo ya bluu watoto wetu wengi wanayo, yanafifia yenyewe wakikua. Manesi wangekuwa wanayaandika kwenye kadi siku ya kuzaliwa, kesi nyingi zingeisha.

#25 Tabibu_Ilemela
Wapo wanaoandika. Na ni kweli, hayo hayana uhusiano na NF1, mengi huisha kabla mtoto hajaanza shule au muda mfupi baadaye. Mchubuko hubadilika rangi kwa siku chache na unauma ukiguswa. Haya hukaa palepale miezi na miezi.

#26 Dawa_Asilia_Kanda_ya_Ziwa
Madoa ya kuzaliwa yanatoka ndani ya siku saba, mzizi wa kupaka na wa kunywa, mtoto na mkubwa. Njoo faragha.

#27 Kijana_wa_Igoma
Yanatoka yanaenda wapi? Kwa Kulwa?

#28 Msimamizi
#26 matangazo ya dawa hayaruhusiwi kwenye jukwaa la afya. Ukirudia unafungiwa.

#29 Tabibu_Ilemela
Na usimpake mtoto kremu za kung'arisha. Zina vitu vinavyochubua ngozi nzima na doa likabaki palepale. Kwa watu wazima wengine hutumia leza, na doa mara nyingi linarudi.

#30 Mwalimu_Kisesa
Habari za humu. Nina la kuongeza ambalo sijaona likitajwa: umbo la doa.

Nilikuwa na mwanafunzi wa kike, darasa la kwanza, alikuwa na baka moja tu, lakini kubwa, limefunika nusu ya mgongo upande wa kushoto na kukomea katikati kana kwamba mtu amepiga mstari. Kingo zake zimekatika-katika kama ramani ya ufukwe wa ziwa letu la Victoria, ghuba hapa, rasi pale. Yule binti alianza hedhi kabla ya kujua kusoma. Mtaani wakasema mengi mabaya kuhusu familia yake, hata baba akatazamwa vibaya. Mwaka huohuo akavunjika mguu kwa kuanguka tu uwanjani. Hospitali ya rufaa wakaunganisha vitu vitatu, baka, hedhi na mfupa, wakasema ni sindromu ya McCune-Albright. Siyo ya kurithi, na hakuna aliyemfanyia kitu.

Kwa hiyo wanaosema moja siyo neno, inategemea moja gani.

#31 Bingwa_wa_Google
Hapo nakubaliana na mwalimu. Wamarekani hufundisha kwa pwani zao: la McCune-Albright kingo zake kama pwani ya Maine, la NF1 laini kama pwani ya California. Ila ya ziwa nimeipenda zaidi. Nakshi za Ghuba ya Speke.

#32 Tabibu_Ilemela
#30 umenisaidia, nilipaswa kuanzia hapo hata kabla ya rula. #31 ni kweli wanafundisha hivyo, ila ngozi haijui ramani, yapo yanayokiuka. Na picha nyingi za mitandaoni ni za ngozi ya Kizungu, usizitumie kulinganisha rangi.

#33 Mzee_wa_Mwaloni
Hamjanijibu la mwezi.

#34 Mama_Neema_Buhongwa
Mzee pumzika. Mimi nadhani ni vile vidonge vya kuongeza damu tunavyopewa kliniki. Mimba yangu ya pili nilivinywa vyote, mtoto akatoka na baka shingoni. Ya kwanza nilivitupa, mtoto safi.

#35 Kijana_wa_Igoma
Mjamzito yeyote akisoma hapa asitupe vidonge! Mama Neema, pacha wamekunywa vidonge vilevile kupitia mama mmoja. Kila nadharia humu inaangukia kwa Kulwa.

#36 Mama_Neema_Buhongwa
Sijasema mtu atupe. Nimesema nilichokiona kwangu.

#37 MamaPacha_Nyegezi
Nimerudi wakuu. Nilipima kwa rula kama mlivyosema. Matano yamevuka nusu sentimita bila ubishi, la pajani linakaribia sentimita tatu. La kifundoni limesimama hapohapo kwenye mstari, nikilivuta ngozi linavuka, nikiliachia halivuki. Kwapani sioni kitu. Baba yao amevua shati kwa hiari yake (#16 umesikia), ana doa moja kiunoni. Mimi sina.

Tukampeleka. Daktari wa watoto alimvua nguo zote, akamtazama taratibu, akampima kichwa, akapima presha, akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo na kutazama miguu kama mfupa wa chini ya goti umepinda. Kasema vyote viko sawa. Ametuandikia kwenda kwa daktari wa macho hospitali ya Bugando. La kifundoni kasema "tulipe muda".

Nikamuuliza anayo au hana? Akajibu leo siwezi kusema ndiyo wala hapana, mrudisheni kwa tarehe niliyoandika. Ndio nimebaki hapo.

#38 Tabibu_Ilemela
Amefanya vizuri sana. Hata madoa yangekuwa sita kamili, hayo peke yake hayatoshi kumpa mtoto jina la NF1. Vigezo viliwekwa 1987, vikarekebishwa 2021, na vinataka angalau dalili ya pili: vidoa vya kwapani, vitone kwenye mboni, mzazi mwenye ugonjwa, na kadhalika. Kipo hata kindugu chake, sindromu ya Legius, kinatoa madoa yaleyale na vidoa vya kwapani bila vinundu. Kipimo cha jeni kinatofautisha, ila kwetu siyo rahisi kukipata.

Macho usiyaruke. Siyo kwa sababu ya vile vitone vya kwenye mboni, hivyo havidhuru kuona. Mtoto mdogo mwenye NF1 anaweza kuota uvimbe kwenye neva ya macho na asijue kusema kwamba haoni vizuri.

#39 Shemeji_wa_Sengerema
Baba doa moja kiunoni! Angalau tumejua Doto ni wa kwake.

#40 MamaPacha_Nyegezi
Shemeji wewe siku utakayokuja Nyegezi hupati chai.

#41 Fundi_Pasiansi
Dada, kaka yangu anakusalimu. Anasema uvimbe wowote ukianza kuuma au kukua haraka, hapo ndipo kukimbia, siyo kutembea. Wake mmoja wa pajani ulifanya hivyo, ukatolewa mapema. Kwa watoto wenye ule uvimbe wa ndani usioweza kupasuliwa, amesikia kuna dawa.

#42 Bingwa_wa_Google
Ipo, selumetinib, Marekani waliiidhinisha 2020 kwa watoto kuanzia miaka miwili. Bei usiulize.

#43 Sangara_Mbishi
Sawa, na mimi mwenye moja ubavuni, mnaniruhusu kulala au nipige rula?

#44 Mwalimu_Kisesa
Kingo zake zikoje?

#45 Sangara_Mbishi
Mwalimu usinianzishie.

#46 BintiWaNansio
MamaPacha hujasema mama mkwe alisema nini. Uzi mzima tunasubiri.

#47 MamaPacha_Nyegezi
Kasema nilitamani kahawa ya maziwa ya jirani nikanyimwa. Baba yao naye sasa anashikilia la kwako, kwamba shangazi yake wa Ukara alikuwa na baka pajani. Wanabishana wenyewe kwa wenyewe, mimi nasubiri tarehe ya macho.

#48 BintiWaNansio
Ukara! Nilisema.

#49 Mzee_wa_Mwaloni
Huyo shangazi alizaliwa mwezi gani?

#50 Baba_Mgeni_Magu
Samahani naingia nimechelewa. Wangu ana madoa matatu lakini ni meupe, marefu kama jani, mgongoni. Yanaingia kwenye hesabu hii?

#51 Tabibu_Ilemela
Hapana mkuu, meupe ni habari nyingine kabisa. Fungua uzi wako nitakuja huko. Ila nijibu moja kabla hujafungua: amewahi kupata degedege, au vile vya kushtuka-shtuka mikono na kichwa? Kama ndiyo, acha uzi, mpeleke kesho asubuhi.

#52 Baba_Mgeni_Magu
Kushtuka anashtuka akiamka usingizini. Ngoja nimuulize mama yake.